Madiwani na suala la makazi: Elimu itangulie uamuzi



Kura humpa mtu madaraka, haimpi maarifa. Mwananchi anayechaguliwa kuwa diwani au mbunge huweza kuwa mkulima hodari, mfanyabiashara mwaminifu au mwalimu mstaafu anayeheshimika na kata nzima. Lakini siku anapoapishwa hakuna anayemweleza kata yake ina vyumba vingapi vya kupanga, wala ni familia ngapi zinazolala katika chumba kimoja. Hata hivyo, kabla mwaka haujaisha, atanyanyua mkono katika baraza kukubali au kukataa barabara, soko, upimaji wa viwanja au uvunjaji wa nyumba. Mkono huo ukinyanyuliwa bila elimu, watu huweza kukosa mahali pa kulala.

Mazungumzo haya yanahusu elimu hiyo: kifundishwe nini, nani afundishe, na lini. Swali la tatu ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Semina nyingi huja baada ya uamuzi kupitishwa, wakati ambapo kazi iliyobaki ni kueleza na kutuliza. Ni lazima ieleweke kwamba semina inayofanywa baada ya tingatinga kupita haimrudishi mtu ndani ya nyumba yake. Elimu ya makazi itangulie uamuzi.

Asiye na makazi ni nani?

Jambo la kwanza ambalo mwakilishi wa wananchi hana budi kulijua ni kwamba wengi wa wasio na makazi hawaonekani. Likitajwa suala hili, picha inayomjia mtu ni ya yule anayelala barazani mwa duka Kariakoo, au watoto wanaojikunyata karibu na kituo cha mabasi. Hao wapo, na wanastahili kuangaliwa. Lakini mpangaji aliyetolewa chumbani Jumatatu hapatikani barabarani Jumanne. Hupatikana ukumbini kwa shangazi yake, mkewe amepelekwa kwa wazazi, na watoto wamegawanywa kwa ndugu wawili watatu. Msiba wake umesitiriwa na undugu. Haandikwi katika daftari lolote, na kwa sababu haandikwi, diwani husimama na kusema kwa nia njema kabisa kwamba katani kwake tatizo hilo halipo.

Undugu ni hazina kubwa, lakini si sera ya nyumba. Chumba cha shangazi nacho kina mwisho.

Jambo la pili ni kwamba si kila asiye na makazi ni mtu asiye na kazi. Katika miji mikubwa ya Tanzania, na hasa Dar es Salaam, mwenye nyumba aghalabu hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali hudai ujira wake juu ya hiyo, ambao mara nyingi hulingana na kodi ya mwezi mmoja. Chukua mfano wa chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi. Mlinzi au mfanyakazi wa kiwandani anayepata shilingi 200,000 anaweza kulipa 50,000 kila mwezi, japo kwa kujinyima. Lakini anayetaka kuingia chumbani humo hudaiwa 300,000 za miezi sita na 50,000 za dalali, yaani 350,000, kabla hajaingiza godoro. Fedha hizo hanazo kwa siku moja. Kwa hiyo mtu huyu ana kazi, ana mshahara, anao uwezo wa kulipa kodi ya kila mwezi, na bado hana pa kulala.

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mapatano ya kodi yamebaki zaidi mikononi mwa mwenye nyumba na mpangaji. Ikiwa ni busara kuweka utaratibu mpya wa malipo ya kila mwezi, hilo ni jambo la kujadiliwa na wabunge. Lakini watalijadilije ikiwa hawajawahi kuwekewa mbele yao hesabu ya chumba kimoja?

Nyumba moja, familia sita

Jambo la tatu linahusu nyumba ya Kiswahili. Wataalamu waliosoma vitabu vya nchi nyingine huitazama nyumba hii kama dalili ya umaskini. Mwakilishi wa wananchi aitazame kwa jicho jingine. Nyumba hiyo ina vyumba kama sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na nyuma kuna ua wenye jiko, bafu na choo. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, na vingine hupangisha. Vyumba vya namna hii vimewahifadhi makarani, makuli, walimu wapya, wachuuzi na mama wajane kwa miaka mingi kuliko mradi wowote wa nyumba. Hiyo ndiyo nyumba ya bei nafuu iliyopo, na imejengwa na wananchi wenyewe, tofali baada ya tofali, bila mkopo wa benki.

Sasa chukua nyumba moja ya namna hiyo iliyo katika njia ya barabara mpya. Katika orodha ya mhandisi ni nyumba moja. Katika hesabu ya makazi ni familia sita. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki, na ilipwe kwa wakati; nayo huhesabiwa kwa kuangalia thamani ya mali pamoja na posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi. Lakini fidia hiyo kwa kawaida humwendea mwenye mali. Mpangaji hujikuta hana jina katika daftari. Diwani aliyeambiwa kwamba zitavunjwa nyumba 40 amefahamishwa habari za watu 40. Kama hakuelezwa habari za wapangaji, huenda amepiga kura kuhusu familia 200 asizozijua.

Si nia ya mazungumzo haya kusema kwamba barabara zisijengwe. Nia ni kwamba anayeamua aijue idadi ya watu, si idadi ya mapaa tu.

Mafunzo ya miaka iliyopita

Jambo la nne ni historia, kwa maana halmashauri isiyojua yaliyopita hurudia makosa kwa gharama mpya.

Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na katika miaka ya mwanzo sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuondoa nyumba mbovu. Nyumba za miti na udongo zilivunjwa, mathalan huko Magomeni, na mahali pake zikajengwa nyumba za matofali ya saruji. Nia ilikuwa njema na nyumba zilikuwa imara. Lakini ilidhihirika kwamba nyumba moja ikivunjwa na moja ikajengwa, idadi ya nyumba haikuongezeka, na gharama zilikuwa kubwa. Watu waliendelea kuhamia mjini, na mji ukabaki na upungufu ule ule.

Ndipo katika miaka ya 1970 ukafuatwa mwelekeo mwingine. Serikali iliamua mwaka 1972 kwamba maeneo yaliyojengwa bila mpango yaboreshwe badala ya kuvunjwa tu. Kuanzia mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukatekelezwa mradi wa viwanja na huduma. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa viwanja vipya, vikawekewa barabara na maji, wananchi wakajijengea wenyewe. Manzese, ambayo tayari ilikuwa imejaa watu, ilitengenezewa barabara na huduma bila kuwaondoa wakazi wake kwa jumla. Benki ya Nyumba Tanzania nayo ilianza kazi mwaka 1973 ili kukopesha wajenzi.

Matokeo yake yanaweza kuonekana kwa macho hata leo. Mtu anayepita Sinza huona mitaa iliyonyooka na viwanja vyenye mipaka. Wachumi waliochunguza maeneo hayo miongo kadhaa baadaye walikuta kwamba mahali palipopimwa kabla ya watu kujenga pana nyumba bora kuliko mahali palipoboreshwa baadaye. Lakini walikuta pia kwamba wenye kipato kikubwa zaidi ndio waliojikusanya katika viwanja hivyo. Hapa pana mafunzo mawili yanayokwenda pamoja. Kupima ardhi mapema ni bora na ni rahisi kuliko kunyoosha mji uliokwisha kujengwa. Na kiwanja kizuri kisipolindwa kwa ajili ya mtu wa kipato cha chini, hununuliwa na mwenye uwezo.

Benki ya Nyumba ilifungwa mwaka 1995. Mradi wa viwanja 20,000 ulianza Dar es Salaam mwaka 2002, ukafungua maeneo kama Bunju na Kibada. Lakini mji haukungoja. Mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 270,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huo, yaani karibu mara 20. Kwa makadirio yanayotajwa mara kwa mara, kiasi cha asilimia 70 ya wakazi wa jiji huishi katika makazi yasiyopangwa. Ni dhahiri kwamba watu hawa si wavunjaji wa sheria kwa tabia. Walihitaji kiwanja leo, na kiwanja kilichopimwa hakikuwapo. Walinunua kwa mwenye shamba, mashahidi wakaweka sahihi, wakajenga.

Neno nafuu lina hesabu yake

Jambo la tano ni maana ya neno nafuu. Neno hili hutamkwa katika mikutano kama vile maana yake inajulikana. Mwakilishi wa wananchi afundishwe kuuliza: nafuu kwa nani?

Chukua nyumba ndogo inayouzwa shilingi milioni 40. Mtu akikopeshwa fedha zote hizo kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, alipe kwa miaka 15, atatakiwa kulipa karibu shilingi 560,000 kila mwezi. Hadi anamaliza atakuwa amelipa zaidi ya milioni 100. Ikiwa mtu hapaswi kutumia zaidi ya theluthi moja ya kipato chake kwa nyumba, basi mnunuzi wa nyumba hiyo awe na kipato kinachokaribia shilingi 1,700,000 kwa mwezi. Mwalimu wa shule ya msingi ajiulize mwenyewe kama yumo. Mchuuzi wa samaki wa Feri hana haja ya kuuliza.

Basi diwani anapoletewa mradi wa nyumba za bei nafuu, asitosheke na picha nzuri ya majengo. Aombe hesabu ya malipo ya mwezi, kisha ailinganishe na kipato cha watu wa kata yake. Mradi ukiwafaa wafanyakazi wa kipato cha kati, na ujengwe, lakini uitwe kwa jina lake, na fungu la ardhi na fedha kwa ajili ya watu wa chini libaki palepale. Kwa muda mrefu upungufu wa nyumba nchini umekuwa ukitajwa kuwa milioni 3, ukiongezeka kwa nyumba 200,000 kila mwaka. Upungufu wa ukubwa huo hauwezi kuzibwa na majengo ya ghorofa peke yake. Utazibwa kwa viwanja vidogo vilivyopimwa mapema, vyenye maji na njia, na kwa kumsaidia yule mjenzi wa tofali baada ya tofali aongeze vyumba vya kupangisha.

Kuhamisha watu

Jambo la sita ni gumu kuliko mengine, kwa sababu hapa huruma pekee haitoshi. Yapo maeneo ambayo haifai watu kuishi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini Dar es Salaam, na bonde la Msimbazi liliumia vibaya. Diwani anayewaambia wapiga kura wake wabaki bondeni ili wampende, anawadanganya kwa gharama ya maisha yao.

Lakini kuhamisha watu ni kazi yenye nusu mbili, kutoka na kufika. Baadhi ya walioathirika mwaka 2011 walipewa viwanja Mabwepande, kaskazini ya jiji. Uamuzi huo uliokoa maisha. Hata hivyo, mtu aliyekuwa akitembea kwa miguu kwenda kubeba mizigo Kariakoo alijikuta mbali na riziki yake, na si ajabu kwamba wapo waliorudi bondeni. Nyumba zilivunjwa tena katika bonde hilo Desemba 2015 na mwanzoni mwa 2016. Fundisho ni kwamba makazi ni pamoja na nauli. Nyumba iliyo mbali na kazi, bila usafiri wa bei ndogo, huwa si nyumba kwa maskini bali ni mahali pa kuwekea vitu.

Upo mfano mwingine wenye sura tofauti. Wakazi wa Magomeni Kota, kaya 644, walihamishwa mwanzoni mwa miaka ya 2010 ili eneo lao lijengwe upya. Walisubiri miaka mingi. Mwaka 2016 Serikali iliamua kuwajengea mahali pale pale, na majengo yakazinduliwa Machi 2022. Hawa walikuwa wapangaji, lakini walijulikana kwa idadi, na madai yao hayakupotea. Walichokosa ni muda. Muongo mmoja ni utoto mzima wa mwanafunzi wa shule ya msingi. Walichopata ni haki ya kurudi walikotoka. Diwani anayepitisha mradi wa kujenga upya eneo lolote aulize mambo hayo mawili kabla ya mengine yote: watarudi nani, na watarudi lini?

Nani afundishe?

Kazi ya kuwaelimisha wawakilishi wa wananchi si ya chuo peke yake. Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo hufanya sehemu yake. Lakini mafunzo ya siku chache hayawezi kuchukua nafasi ya mtumishi anayekutana na diwani mwaka mzima. Afisa ardhi, afisa mipango miji, afisa maendeleo ya jamii na mtendaji wa kata ndio walimu wa kweli wa diwani, wapende wasipende. Wakiandika taarifa kwa lugha ya kitaalamu isiyoeleweka, wamefundisha woga. Wakileta karatasi asubuhi ya kikao, wamefundisha kukubali bila kusoma. Wakificha idadi ya wapangaji kwa sababu inachelewesha mradi, wamemfundisha kiongozi kuwadhulumu watu bila yeye mwenyewe kujua.

Wapo watakaosema kwamba mtumishi hana mamlaka ya kumfundisha aliyechaguliwa, na kwamba kufanya hivyo ni utovu wa adabu. Hoja hiyo haina uzito. Mtumishi hapigi kura katika baraza, wala hapaswi kumwelekeza diwani apige vipi. Lakini wajibu wake wa kwanza ni kumpa ukweli wote, mapema, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Utovu wa adabu ni kumwacha kiongozi aaibike mbele ya wananchi wake kwa jambo ambalo ofisi ililijua. Naye diwani akumbuke kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Walimu nao wanayo nafasi yao. Mwalimu mkuu huiona dhiki ya makazi mapema kuliko ofisi nyingi. Nyumba zinapovunjwa au kodi inapopanda, daftari la mahudhurio husema: watoto kumi hawapo, watano wamehama bila barua, wawili hufika wamechelewa kwa sababu wanatoka mbali. Taarifa hiyo isibaki shuleni. Imfikie diwani, bila kutaja majina ya watoto, ili ajue kwamba watu wasioonekana barabarani wanaonekana darasani.

Elimu hiyo haihitaji fedha nyingi. Kila pendekezo linalogusa makazi liambatane na ukurasa mmoja unaojibu maswali matano. Ni familia ngapi zinaishi hapa, wenye nyumba na wapangaji? Watalala wapi usiku wa kwanza? Malipo ya fidia yatafika lini, na yapo tayari? Makazi mapya yako umbali gani na kazi zao, na nauli ni kiasi gani? Nyumba au viwanja vipya vitalipiwa na mtu wa kipato gani? Ukurasa huo uwafikie madiwani siku kadhaa kabla ya kikao. Kisha watembee katika eneo hilo kwa miguu, waingie uani, wazungumze na wapangaji na si wenye nyumba tu. Saa mbili za kutembea huweza kumfundisha mtu kuliko kitabu kizima.

Ndugu watumishi na ndugu walimu, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Miji ya Tanzania inakua kila siku, na kila siku baraza moja au jingine hukaa kuamua mambo yanayogusa mahali watu wanapolala. Madiwani na wabunge wengi wanataka kutenda haki. Wapewe hesabu, wapewe historia, wapewe majina ya mitaa na idadi ya vyumba, kabla mkono haujanyanyuliwa. Atakayejua yote hayo na bado akaamua vibaya atajibu mbele ya wapiga kura wake. Lakini aliyeamua vibaya kwa kutojua, wakati wenye kujua walikuwa wameketi naye ukumbi mmoja, hatakuwa na lawama peke yake.